Mama "Asiye na Kichwa" Kwenye Video ya Jubilei: Kumbe Mkosaji Alikuwa Namba 72

Wadau wengi wa Insta wanaikumbuka ile klipu. Januari 2022, ukurasa wa dada mmoja mwenye mashabiki kibao, anauza mawigi Dar na kufanya matangazo madogo madogo. Jina halitajwi hapa, wenye kujua wanajua. Klipu yenyewe ya kizamani, rangi zimefifia. Mwanamke kasimama juu ya ngazi za kanisa, kavaa kitenge cha njano na kijani, kambeba mtoto kiunoni. Shingo inaonekana. Kidevu nusu. Kichwa hakuna, video imeishia hapo.

Maneno aliyoandika chini yake ndo yaliwasha moto: "Mlimficha akiwa hai, mkamkata akiwa kaburini. Mungu anawaona."

Basi bwana, watu wakamwaga machozi. Wengine wakatukana. Kuna waliosema wanazijua hizo familia za Moshi, ukiolewa bila mahari hata picha hupigwi. Kuna aliyesema mama wa watu alisimama peke yake kama yatima. Klipu ikatoka Insta ikaingia WhatsApp, na kwenye WhatsApp ikapanda mlima mpaka Kibosho, ikamkuta shangazi mtu dukani kwake anapima sukari.

Kumbe stori haikuwa vile. Au tuseme ilikuwa vile nusu, na nusu nyingine ilikuwa imekatwa.

Mkanda wa 1996

Shangazi wa huyu dada aliolewa Desemba 1996 kwenye kanisa moja huko Kibosho, juu ya mji wa Moshi. Harusi ya enzi zile: matarumbeta juu ya pikapu, ndafu, mbege, na mpiga video mwenye kamera kubwa begani na taa kali iliyofanya kila mtu akunje uso. Kuwa na video ya harusi wakati huo ilikuwa heshima kubwa. Bara ndo kwanza televisheni ilikuwa inaanza kuzoeleka, vituo vya kwanza vilianza kurusha matangazo 1994, wakati Zanzibar walishakuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo kwa familia nyingi za mlimani, kujiona kwenye kioo kulitokana na mkanda wa harusi ya mtu.

Mkanda ulikuwa E-180, yaani dakika 180, saa tatu kamili. Ulitazamwa kila Krismasi watu wakipanda nyumbani. Deki ikafa, mkanda ukahamia kwenye kabati la vyombo la bibi, nyuma ya vikombe vya wageni. Ukakaa humo miaka.

Mwaka 2021 shangazi na mumewe wakatimiza miaka 25 ya ndoa. Kamati ikaundwa, michango ikachangwa, grupu likafunguliwa. Mjumbe mmoja akatoa wazo: ule mkanda uonyeshwe ukumbini kwenye projekta. Wote wakasema safi. Mkanda ukatolewa kabatini ukashushwa mjini kwa dogo mmoja mwenye kibanda karibu na stendi. Anapiga picha za pasipoti, anatoa kopi, na anahamisha mikanda ya zamani kwenda kwenye flashi. Elfu ishirini kwa mkanda mmoja.

Shangazi alimpa maagizo ya sentensi moja: "Baba, nataka ijae skrini, yale meusi ya pembeni siyataki."

Dogo akasema hamna shida mama.

Dogo alifanya nini?

Hapa soma taratibu maana ndo penye kesi yenyewe.

Deki inatoa nyaya tatu. Wa njano ni picha, mweupe na mwekundu ni sauti. Nyaya zinaingia kwenye kidude kidogo cha USB, ndo kadi ya kunasa video, na kidude kinachomekwa kwenye laptopu. Kwenye laptopu dogo anatumia OBS, programu ya bure ambayo vijana wengi wanaijua kwa kurusha gemu na ibada mubashara. Hakuna njia ya mkato. Mkanda wa saa tatu unachezwa saa tatu.

Sasa televisheni za zamani zilikuwa karibu na mraba. Upana wake ukiugawa sehemu nne, urefu wa kwenda juu ni sehemu tatu. Skrini za leo ni pana, 16 kwa 9. Picha ya mkanda wetu wa mfumo wa PAL, ambao ndo uliotumika Tanzania, ina mistari 576 kutoka juu mpaka chini, na kadi inainasa kwa pikseli 720 kwa 576. Ukiichukua picha hiyo ukaiweka kwenye skrini pana una njia tatu tu.

Ya kwanza, unaiacha kama ilivyo, kulia na kushoto panabaki peusi. Ndo yale shangazi hakuyataka.

Ya pili, unaivuta ijae. Hapo bibi harusi mwembamba anageuka mnene, na magurudumu ya gari yanakuwa kama mayai. Wadau mnazijua hizo video, zipo kibao mitaani.

Ya tatu, unaikuza mpaka upana ujae, kinachozidi juu na chini unakikata. Mistari 72 inaondoka juu, mistari 72 inaondoka chini. Jumla 144 kati ya 576. Ni robo nzima ya picha.

Dogo alichagua ya tatu. Kwa akili ya haraka ilikuwa sahihi, kwa sababu nyuso nyingi zilikuwa katikati na hakuna aliyegeuka mnene. Tatizo ni kwamba yule mpiga video wa 1996 hakuwa anajua kama siku moja kutakuwa na skrini pana. Yeye alipanga watu wake kwa ajili ya kile kisanduku. Kwenye picha ya familia nje ya kanisa alijaza watu mpaka juu: walioketi mbele, waliosimama katikati, na mstari wa nyuma kabisa kwenye ngazi. Vichwa vya mstari wa nyuma vilikuwa humo humo ndani ya ile mistari 72 ya juu.

Halafu kuna jambo la pili, na hili ndo baya zaidi. Dogo hakukata baada ya kuhifadhi, alikata wakati wa kunasa. Yaani alipanga OBS ikate kwanza, ipunguze ukubwa wa kutoka uwe 1280 kwa 720, ndo ihifadhi. Picha nzima haikuwahi kuingia kwenye kompyuta hata sekunde moja. Alifanya hivyo kwa sababu ya nafasi. Ukinasa vizuri kwa mfumo wa DV, saa moja inakula kama GB 13, kwa hiyo mkanda mmoja wa saa tatu ni kama GB 40. Diski yake ilikuwa imejaa harusi za watu wengine. Kazi ni nyingi, wateja wana haraka, Desemba Moshi nzima inataka video zake kabla watu hawajarudi Dar.

Akaweka kwenye flashi, akarudisha mkanda, akalipwa.

Ukumbini

Usiku wa jubilei video ilichezwa baada ya chakula. Watu wakapiga vigelegele. Marehemu babu alipotokea anacheza na fimbo yake ukumbi ukasimama. Shangazi akalia, mume akampa leso, MC akapata la kusema. Ilikuwa bonge la sherehe.

Meza ya nyuma alikuwa amekaa yule dada wa Insta. Yeye hakuwa anangoja babu wala keki. Mama yake alifariki 2001, yeye akiwa na miaka sita. Alikuwa na picha moja tu ya mama, ya karatasi, ndogo kama kadi ya benki, na kitenge cha njano na kijani ambacho bibi alimtunzia. Hakuwahi kumwona mama akitembea wala akicheka. Binamu zake wakubwa walimwambia tangu utotoni kwamba mama yako yumo kwenye mkanda wa harusi ya shangazi, amekubeba wewe mwenyewe. Kwa hiyo usiku ule alikaa saa nzima hajagusa soda yake, anangoja ngazi za kanisa.

Ngazi zikafika. Kitenge akakitambua palepale. Mtoto kiunoni akajitambua. Akapandisha macho kuangalia sura, akakuta skrini imeisha.

Hakusema kitu. Alitoka nje akakaa kwenye gari la mtu mpaka sherehe ikaisha.

Ili uelewe kwa nini hakuwaza habari za mashine, lazima ujue hili: baba yake hakuwahi kutoa mahari. Aliishi na mama yake tu, miaka minne, wakiwa wanangoja mambo yakae sawa, na mambo hayakukaa sawa. Ukoo ulimwita mama "yule mwanamke". Kwenye kitabu kidogo cha jubilei, pale walipoandikwa marehemu wa familia wa kuombewa, jina lake halikuwepo. Sasa mtu ambaye jina limerukwa mchana, usiku akimwona mama yake hana kichwa kwenye skrini ya futi kumi, atawaza nini? Atawaza mistari 72?

Akamwomba dogo faili kwa WhatsApp, akatumiwa. Akakata kile kipande, akakifanya cha wima kama Insta inavyopenda, akatupia. Yaliyofuata mnayajua.

Vita ya kwenye grupu

Grupu la familia likawaka. Shangazi akatuma sauti ya dakika nne, sauti inatetemeka: "Mimi nilisema ijae skrini. Sikusema mtu akatwe. Naapa mbele za Mungu." Walioamini wachache. Mjomba mmoja akasema mtoto amekosa adabu, mambo ya ndani hayaanikwi kwa watu wa Dar. Mwingine akamwondoa kwenye grupu. Shangazi akaanza kupita njia ya nyuma kwenda jumuiya, maana hata huko watu walikuwa wameiona.

Dogo wa kibandani naye hakuwa na habari mpaka mteja mmoja, akingoja picha za pasipoti, akamwonyesha klipu kwenye simu. "Oya mangi, cheki familia za watu zilivyo na roho mbaya." Dogo akaangalia mara moja tu. Aliijua ile kazi. Aliujua hata mkato, maana ulikuwa umepita mahali pale pale alipoupitisha yeye.

Wengi wangenyamaza. Hakuna aliyemtaja, hakuna aliyemjua, na komenti zote zilikuwa zinampiga shangazi. Dogo alikaa nalo siku moja, usiku akamwandikia dada:

"Dada samahani sana. Kichwa cha mama kipo. Kipo kwenye mkanda. Nimekikata mimi, shangazi yako hajui kitu."

Dada akajibu: "Amekulipa shilingi ngapi useme hivyo?"

Dogo akampigia picha skrini ya mipangilio yake na kumtumia. Juu 72, chini 72, kushoto 0, kulia 0. Akaongeza: "Naweka hivi kwa kila mtu anayetaka ijae skrini. Hata harusi ya dada yangu nimeiweka hivi."

Dada hakujibu. Siku mbili zikapita. Ya tatu ikaingia meseji moja: "Mkanda uko wapi?"

Pasaka, Kibosho

Mkanda ulikuwa umerudi kabatini kwa bibi. Dada hakupata nafasi ya kusafiri mpaka Pasaka, katikati ya Aprili, masika yamekolea. Anayeijua Kibosho masika anaelewa: migomba inadondosha maji mchana kutwa, nguo hazikauki, na chumvi kwenye kopo inageuka jiwe. Ijumaa Kuu dada na dogo wakapanda haisi mpaka mwisho wa lami, wakamalizia na bodaboda kwenye tope, deki imefungwa kwenye mfuko wa plastiki na blanketi kama mtoto mchanga.

Walimkuta bibi jikoni, na shangazi naye yupo, amekuja kumpikia mama yake. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mpwa wake anakuja. "Shikamoo shangazi." "Marahaba." Shangazi aliitikia huku anaangalia dirishani. Dogo aliamkia wote akajikunyata pembeni na blanketi lake.

Bibi akautoa mkanda. Dogo akaushika, akautazama kwenye kile kidirisha cha plastiki, akanyamaza. Ukingoni mwa utepe kulikuwa na unga mweupe. Ukungu.

"Huu siuchezi leo," akasema.

Dada akapandwa na hasira, maana ametoka Dar kwa ajili hiyo. Lakini dogo alikuwa sahihi. Ukicheza mkanda wenye ukungu, ule unga unaingia kwenye vichwa vya deki, unakwama, na utepe unaweza kukatika au kutafunwa. Na deki ikiharibika kupata nyingine ni kazi kweli kweli. Kampuni ya mwisho kubwa iliyokuwa bado inatengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016. Zilizopo ni zilizopo.

Akaondoka nao. Mjini aliufungua skrubu tano za nyuma, akautoa utepe, akauacha kwenye chumba kikavu bila kuuweka juani, kisha akaupitisha polepole kwa mkono huku anaufuta na kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Sehemu moja alirudia mara tatu. Jumatatu ya Pasaka akarudi mlimani nao.

Safari hii aliweka namba zote sifuri. Juu 0, chini 0, kushoto 0, kulia 0. Ukubwa wa kunasa 720 kwa 576. Diski alinunua mpya, hela yake mwenyewe.

Wakakaa wanne mbele ya laptopu sebuleni kwa bibi. Chini kabisa ya picha kulikuwa na ukanda mwembamba unaotetema na kupinda kama moto. Bibi akauliza, "Huko chini kunaungua?" Dogo akacheka, akamweleza kwamba deki ina vichwa viwili vinavyozunguka na kupokezana kusoma utepe, na pale vinapopokezana picha inavurugika kidogo. Televisheni za zamani zilikuwa zinaficha kingo za picha ndani ya fremu yake, ndo maana miaka yote hamkuwahi kuuona. Bibi akasema, "Kwa hiyo hata zamani ilikuwa inakatwa." Dogo akakosa jibu la haraka.

Ngazi za kanisa zikafika.

Mama alikuwa na uso wa mviringo na mwanya. Alikuwa anatafuna kitu. Akageuka kumpulizia mtoto usoni, mtoto akafumba macho, mama akacheka na mtu ambaye hayupo kwenye picha, halafu akakumbuka kamera akajikaza kama wengine. Sekunde kumi na moja.

Dada aliomba irudiwe. Dogo akamwambia angoje mkanda uishe, wasirudishe utepe nyuma, atarudia kwenye faili hata mara mia. Akangoja saa mbili na nusu. Hakuinuka.

Aliyekatwa mara ya pili

Waliporudia kwenye faili ndo dada akaona kitu kingine. Mama hakuwa amesimama peke yake. Ubavuni kwake, begani kwa begani, alikuwa bibi, miaka 25 nyuma, kilemba kichwani, mkono wake mmoja umemshika mama kiwiko.

Kwenye klipu ya Insta hakuwepo. Nani alimtoa? Dogo hakumtoa, bibi ni mfupi na kichwa chake kilikuwa kimesalimika kwenye mkato wa ukumbini. Aliyemtoa ni dada mwenyewe alipoigeuza video kuwa ya wima. Hesabu yake hii hapa: picha ya ukumbini ukiipima kwa pikseli za mraba ilikuwa 768 kwa 432. Ukitaka kipande cha wima cha 9 kwa 16 humo ndani, unabaki na upana wa pikseli 243. Chini ya theluthi moja. Theluthi mbili za watu wanatupwa. Na ndo ile komenti ya "alisimama peke yake kama yatima" ikapata penzi elfu kadhaa.

Dada akamuuliza bibi kwa nini alikuwa nyuma kule wakati mama wa bibi harusi anakaa kiti cha mbele.

Bibi akamjibu bila kuzungusha. "Mama yako alikuwa hajatolewa mahari. Wazee walisema asikae mbele wala katikati, wageni watauliza. Nikamwona amebeba mtoto anapanda ngazi peke yake. Nikawaambia basi mimi nina magoti mabaya, siwezi kukaa. Nikapanda nikasimama naye."

Shangazi akaanza kulia. Akasema alikuwa na miaka 24, siku ya harusi yake, aliona na hakusema kitu. Akasema tena, kwa sauti ndogo, kwamba kile kitabu cha jubilei alikisoma mwenyewe kabla hakijachapishwa, na jina lilimpita.

Hapo ndo penye ukweli wa hii stori, na ndo maana imefika hapa. Waliosema shangazi aliamuru kichwa kikatwe walikosea. Aliyekata ni dogo mwenye haraka na diski ndogo. Lakini aliyempanga mama mstari wa nyuma, karibu kabisa na ukingo, hakuwa OBS. Ukoo ulimweka pale 1996, na mtu aliyewekwa ukingoni ndo wa kwanza kupotea kila picha inapokatwa. Mashine ilimalizia tu. Halafu dada naye, kwa uchungu wake wote wa haki, alipokata kipande chake akamtoa mtu pekee aliyepanda ngazi.

Wiki ile ile alifuta klipu ya kwanza. Akatupia mpya, picha nzima, meusi ya pembeni yakiwemo, bibi yumo, mama yumo na kichwa chake. Penzi hazikufika hata robo ya ile ya kwanza. Alirudishwa kwenye grupu. Kwenye misa ya Novemba ya kuombea marehemu, jina la mama lilisomwa pamoja na ya wengine, shangazi ndo alilipeleka. Suala la mahari bado liko kwa wazee, na baba mtu bado anasema mambo yatakaa sawa.

Una mkanda nyumbani? Soma hapa kabla hujapeleka kwa fundi

1. Angalia ukungu kwanza. Ukiona unga mweupe, usiuchomeke kwenye deki. Usafishwe kwanza.

2. Mwambie fundi achague PAL. Vidude vingi vya USB vinakuja vimewekwa mfumo wa Marekani wa NTSC, wenye mistari 480. Ukiona video inatoka nyeusi na nyeupe, au inapanda na kushuka, anzia hapo.

3. Ukubwa wa kunasa uwe 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Kukata kote kuwe sifuri. Usimruhusu akate wakati wa kunasa.

4. Faili hilo zima ndo asili yako ya kidijitali. Nunua diski, weka kopi mbili, moja iwe nyumba nyingine.

5. Kata kwenye kopi. Ukanda unaotetema chini huwa ni mistari michache tu, uondoe au uufunike na cheusi. Ukikata, tumia namba shufwa, na zinazogawanyika kwa 4 ni salama zaidi kwa picha za mkanda.

6. Ukiona mistari kama meno ya kitana mtu anapotembea, ni kwa sababu mkanda unarekodi picha nusu nusu, mistari ya shufwa na ya witiri kwa zamu. OBS ina sehemu ya kuondoa hiyo kwenye chanzo cha video. Iwashe kwenye kopi ya kuangalia.

7. Ukubwa wa kutoka uwe 768 kwa 576, au 1440 kwa 1080 kama unaipeleka YouTube. Zote zinatunza umbo la kisanduku. Weusi wa pembeni hauumizi mtu.

8. Ukitaka ya wima kwa ajili ya stetasi, angalia picha nzima kwanza, uone unayemwacha nje ni nani.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Dada alikosea kutupia kabla ya kuuliza, au ukoo ulistahili? Na dogo je, ungekuwa wewe ungejitaja au ungeuchuna? Na kama kwenu kuna mkanda kabatini, umeshawahi kumuuliza bibi nani amesimama ukingoni? Dondosha komenti, lakini majina ya watu yaacheni.